Vigo inagonga mbele kulia, nimeshabadili shokapu na mlio uko palepale

Kabichi Express

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaanza kuuza mbuzi.

Gari ni Hilux Vigo ya 2010, injini 2KD, kebini moja. Kazi yake mboga: inapakia kabichi na karoti Lukozi, inashuka Lushoto, Soni mpaka Mombo, pale mzigo unahamia kwenye Fuso la Dar. Lami ya kushuka Soni ni kona juu ya kona, na ukiingia njia za mashambani ni mawe na makorongo. Sitadanganya, kuna siku inabeba kuliko inavyotakiwa.

Sasa ni mwezi wa pili mbele kulia inagonga. Nikipanda tuta polepole inasema "ko" mara moja. Nikikanyaga breki kwenye mteremko, "ko" nyingine. Nikiachia breki wakati mwingine inajibu tena. Kwenye lami mwendo wa 80 haina kelele, ila usukani hautulii, kila saa naurekebisha kama naswaga ng'ombe. Na tairi la kulia linalika upande wa ndani. Nje kashata zote zipo, ndani nimeanza kuona waya, na tairi halina miezi minne.

Fundi wa kwanza alikandamiza boneti mara mbili akasema shokapu zimekufa. Nikanunua mbili mpya, hela ya mboga ya wiki nzima imeishia hapo. Natoka gereji, tuta la kwanza: ko. Fundi wa pili kasema rack ya stelingi, ule mtambo unaogeuza matairi ukizungusha usukani, imeisha, niagize Dar. Bei aliyonitajia nilikaa chini.

Nifanyeje?

Mtoto wa Ngamiani

Punguza kabichi mkuu, gari inakuomba msamaha kwa lugha yake.

Dereva Mstaafu

Rack hiyo. Yangu ilianza hivyohivyo, usukani kuyumba kisha mlio. Usipoteze muda.

Kabichi Express

Mzee wangu, na yako ilikuwa inagonga ukikanyaga breki?

Dereva Mstaafu

Hapo kwenye breki sikumbuki. Ilikuwa inagonga nikikata kona.

Fundi Chini ya Mwembe

Mkuu Kabichi, weka rack pembeni kwanza. Na fundi wa kwanza usimtukane sana. Shokapu ikivuja gari inaelea, ikishuka shimoni inadunda mara tatu badala ya moja, na bushi zake, vile vipande vya mpira kwenye maungio, zikichakaa zinagonga kweli. Lakini shokapu hailambi tairi upande wa ndani namna hiyo, na haisubiri breki ndipo iseme. Hayo mambo mawili, tairi na breki, yananipeleka kwenye mkono wa chini, ule wanaouita loa amu, chuma kinacholishikilia tairi kwenye chesisi kwa chini.

Ukikanyaga breki tairi linasukumwa nyuma. Kinacholishikilia ni bushi mbili za mkono ule, pale unapofungwa kwenye chesisi. Bushi ikichanika, mkono wote unarudi nyuma kidogo, chuma kinakutana na chuma: ko. Ukiachia breki unarudi mahali pake: ko ya pili. Na kwa sababu uzito wa gari unalisukuma tairi lifunguke kwa chini, bushi na boljointi (ungio la gololi kwenye ncha ya mkono) zikilegea tairi linalala, juu linaingia ndani na chini linatoka nje. Ndiyo maana ukingo wa ndani unaisha. Usukani kuyumba ni mtoto wa ugonjwa huohuo, maana tairi linabadilisha uelekeo lenyewe kabla wewe hujagusa kitu.

Sasa pima mwenyewe, haihitaji mashine. Tafuta mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi ya nyuma. Jeki usiweke kwenye chesisi. Iweke chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi kadiri inavyowezekana, nyanyua mpaka tairi liachane na ardhi vidole viwili tu, kisha weka stendi au gogo nene chini ya chesisi kwa usalama. Mafundi wengi wananyanyua kwenye chesisi, mkono unaning'inia mpaka mwisho, boljointi inakaa kwenye pembe ambayo gari haitembei nayo kamwe. Pale haijalika, kwa hiyo inaonekana nzima. Imelika kwenye mkao wa kila siku, basi ipimwe kwenye mkao wa kila siku.

Kijana aingize mtaimbo chini ya tairi, anyanyue taratibu na kuachia. Wewe usiangalie tairi. Lala chini, weka vidole juu ya maungio ya boljointi. Ikiwa imekufa utaisikia vidoleni kabla ya masikioni.

Halafu shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki wewe uendelee kutikisa. Mchezo ukipotea ni beringi ya habu. Ukibaki ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo angalia tairodi endi, ungio la fimbo ya usukani pale kwenye tairi. Kama tairodi imetulia, minya ile raba ya mikunjo ya kwenye rack mpaka ushike chuma ndani. Ikicheza pale ni raki endi, ungio la ndani la fimbo hiyohiyo, nayo inanunuliwa peke yake bila kubadili rack nzima. Hilo fundi wako wa pili angekwambia.

Bushi unazipima gari ikiwa chini. Mtu akae ndani, injini inawaka, mguu kwenye breki, aisogeze mbele na nyuma kidogokidogo. Wewe ukae pembeni na tochi ya simu, sio mbele ya gari wala chini yake, uangalie mkono wa chini unapoingia kwenye chesisi. Ukiona unatembea, umempata mwizi.

NakuruDiesel

Fundi amesema ukweli. Mimi niko Nakuru, nilikuwa na D-Max ile ya kwanza, yenye toshenba mbele badala ya springi. Ilikuwa imeinama kwa uzee, mekanika akazikaza toshenba ndio pua inyanyuke. Ikapendeza kweli. Baada ya hapo ilikuwa inakula boljointi za juu kama njugu, na raba za shafti zikapasuka zote mbili. Mikono ilikuwa inafanya kazi kwenye pembe mbaya wakati wote. Nilirudisha kimo chake ndio shida ikaisha. Boss Kabichi, yako ni ya springi lakini uliza kama kuna mtu aliwahi kuweka vipande vya kuinua mbele.

Kabichi Express

Hapana kaka, iko kama ilivyotoka. Kesho haina safari, nitapima.

Kabichi Express

Nimepima. Nimemtumia mdogo wangu kwenye mtaimbo.

Alivyonyanyua mara ya kwanza sikusikia kitu. Nikamwambia achia, nyanyua tena kwa pole. Nikasikia "tk" ndogo kwenye ncha ya kidole, kama jino linalotaka kung'oka. Upande wa kushoto nikafanya vilevile, kimya kabisa. Raba ya boljointi ya kulia imepasuka kwa nyuma ambako huwezi kuona ukiwa umesimama, nilipoiminya yakatoka maji ya kahawia na mchanga. Grisi hata ya kupaka kwenye ukucha hakuna.

Ile ya kukaa na tochi ndiyo imenimaliza. Bushi ya nyuma ya mkono wa kulia, mpira umeachana na chuma. Mdogo wangu akisogeza gari, mkono wote unatembea karibu unene wa kidole changu kidogo. Nimeiangalia dakika tano nzima, sikuamini kwamba nimekuwa nashuka nayo Soni.

Tairodi zimetulia. Rack haina kitu. Mzee Mstaafu, samahani.

Dereva Mstaafu

Hakuna ubaya. Ila usishuke tena nayo.

Mtoto wa Ngamiani

Kuna jamaa hapa Tanga anazijaza boljointi, anafungua, anaweka nailoni ya kuyeyusha ndani, inakaza kama mpya. Bei ya soda.

Fundi Chini ya Mwembe

Mdogo wangu, hilo usimshauri mtu anayeshuka mlima na mzigo. Ndani ya boljointi kuna gololi ya chuma inayokaa kwenye kikombe chake. Ikishakula mchanga haiko duara tena, na kikombe kimepanuka. Unaweka nailoni, inabana wiki tatu, halafu inatoka vipande. Boljointi ya chini ikichomoka tairi linalala chini ya bodi na usukani unabaki mkononi mwako kama pambo. Mwaka 2005 Toyota wenyewe waliita zaidi ya magari 700,000 kule Marekani, Tacoma, Tundra, Sequoia na 4Runner, kwa sababu ya boljointi za chini tu. Gololi zilikuwa na mikwaruzo tangu kiwandani. Mikwaruzo. Yako ina mchanga.

Bushi za kukata kwenye tairi kuukuu nazo uziache. Kwenye springi za majani za nyuma sikatai, zimetusaidia miaka mingi. Kwenye mkono wa mbele hapana.

Mama wa Pikapu Mbili

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mwenye magari, sio fundi, niko Mbeya. Nachangia upande wa hela.

Kabichi, nunua spea mwenyewe au mtume mtu unayemwamini, na uende na ile ya zamani mkononi. Vigo zina za 4x4 na za 4x2, chini ya gari zinatofautiana, na muuzaji akishakuona una haraka anakupa inayofanana. Boksi lisikudanganye. Maboksi ya majina makubwa ya Kijapani yanachapishwa kama kadi za harusi. Mimi naangalia kitu chenyewe: maandishi yamechongwa kwenye chuma au yamebandikwa, uzi wa nati unaingia kwa mkono mpaka mwisho, raba ni laini ukiibana, na shingo ya boljointi, ile pini yenye uzi, ukiisukuma kwa dole gumba inagoma kisha inakwenda polepole kwa uzito mmoja. Ikicheza legelege dukani, hiyo ni takataka. Ikiwa ngumu kabisa haiendi, nayo mrudishie.

Bushi peke yake ni nafuu kuliko mkono mzima, lakini uliza kwanza kama fundi ana presi, mashine ya kusukumia bushi. Kama anagonga kwa nyundo, bora ununue mkono wenye bushi zake.

Na jambo la mwisho, kila kinachotolewa kwenye gari yako ukichukue. Mimi napaka rangi ya kucha kwenye spea kabla gari haijaenda gereji. Wananicheka, ila toka nianze hakuna aliyenibadilishia kitu kizima.

Mtoto wa Ngamiani

Rangi ya kucha 😂 Mama umewaweza.

Kabichi Express

Ahsante sana mama, marahaba haifai mimi ni mdogo kwako, shikamoo. Na za mtumba? Kuna mtu kaniambia mkono mzima wa mtumba wa Dubai unapatikana.

Mama wa Pikapu Mbili

Marahaba mwanangu. Chuma cha mtumba sawa, mpira wa mtumba hapana. Mkono wenyewe haufi usipopinda, lakini bushi na boljointi zake zina umri kama wako tu, halafu zimepigwa jua la jangwani.

Fundi Chini ya Mwembe

Mama kamaliza. Naongeza mawili, na la pili ndilo lililonifanya nirudi kwenye uzi huu.

La kwanza, bolti za mkono wa chini kwenye Vigo zina vishikizo vya duara vilivyokaa upande, na ndivyo vinavyorekebisha mlalo wa tairi. Kabla fundi hajalegeza chochote, achore alama kwa patasi au rangi, kishikizo na chesisi. Vinginevyo mtatoka gereji tairi limetazama Kenya. Na mjiandae, bolti hizo zinaganda ndani ya bomba la bushi, hasa magari yaliyokaa pwani. Mwagieni mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake.

La pili. Bushi hizi sio beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, mkono ukipanda na kushuka mpira unajisokota kidogo kisha unarudi. Sasa fundi anafunga kila kitu gari ikiwa juu ya jeki, mikono inaning'inia, anakaza bolti mpaka mshipa unamtoka shingoni. Bomba la ndani limeshabanwa na chesisi kwenye mkao ule wa kuning'inia. Anashusha gari. Mpira umesokotwa tayari kabla hujatembea hata mita moja, na unabaki umesokotwa mchana na usiku. Ukipiga shimo unasokotwa zaidi. Miezi michache unachanika, halafu mnasema spea feki.

Kwa hiyo bolti za mkono ziingizwe tu, nati zishike kwa mkono na spana kidogo. Shusha gari kwenye matairi yake, isogeze kidogo mbele na nyuma, ikandamize mara mbili tatu ikae. Hapo ndipo mtu aingie chini akaze kwa nguvu zote. Boljointi na tairodi hazina shida hiyo, kaza popote.

NakuruDiesel

Wacha nikubali hapa nimefunzwa. Nimebadilisha bushi mara tatu kwa miaka miwili na kila mara nilikuwa nalaumu duka la Kirinyaga Road kule Nairobi.

Dereva Mstaafu

Miaka thelathini na moja barabarani, hili sikuwahi kuambiwa.

Kabichi Express

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa kimya, nilikuwa Korogwe siku mbili.

Nilipata fundi mwenye presi. Spea nilinunua: boljointi za chini pande zote mbili, bushi zote nne za mikono ya chini. Kushoto palikuwa pazima lakini nikaona nisirudi tena baada ya mwezi.

Bolti ya mbele ilitoka bila maneno. Ya nyuma, kama fundi wetu alivyotabiri, imekuwa kitu kimoja na bushi. Dizeli tangu usiku, nyundo, moto kidogo, inazunguka na bomba la bushi lote lakini haitoki. Saa nne asubuhi mpaka saa saba. Mwisho wake ikabidi ikatwe na grainda pande mbili, na cheche zikaunguza mfuko wa karoti niliouacha pembeni. Kwa hiyo nikanunua na bolti mpya na kishikizo chake, hiyo haikuwa kwenye bajeti. Mkipanga safari kama hii, wekeni hela ya bolti mbili pembeni.

Boljointi ilitaka kuniharibia siku kwa njia nyingine. Kijana wa gereji alianza kuipiga kwenye uzi kwa chini, nati ameshaitoa. Fundi mkubwa akamfokea. Akarudisha nati mizunguko michache, akagonga ubavu wa chuma kilichoishika, nyundo mbili za nguvu pembeni, ikaachia yenyewe. Nilivyoishika mkononi nikaizungusha shingo, ilikuwa inacheza kama kijiko kwenye kikombe. Kwenye kufunga ile mpya tundu la kotapini (kipini kinachozuia nati isifunguke) halikulingana na nati, kijana akataka kurudisha nyuma kidogo. Hapo nikaingilia mwenyewe, nikamwambia ikaze mbele mpaka tundu lije, hairudishwi. Sijui nilisoma wapi, ila fundi mkubwa aliitikia kwa kichwa.

Sasa kwenye kukaza bushi. Nilimwambia fundi, naomba tukaze gari ikiwa chini. Akaniuliza, "Nani kakwambia?" Nikasema kuna mzee mmoja yuko chini ya mwembe. Akacheka, akasema yeye anafunga mikono tangu enzi za Hilux za springi za majani mbele. Nikamjibu hizo hazikuwa na mikono. Kimya. Kisha akamwambia kijana, "Mteja ndiye mwenye hela, shusha." Wakashusha, wakalala chini kwenye matope, wakakaza. Nilitoa ya soda kwa ajili ya nguo.

Tanga nikapiga alaimenti. Mashine ilionyesha kulia mlalo ulikuwa mwekundu, wakacheza na vile vishikizo mpaka ukaja kijani. Tairi lililolika nimelihamishia kwenye spea, sikutaka kuliona mbele.

Gari nyingine kabisa. Mwendo wa 80 nashika usukani kwa mkono mmoja. Mteremko wa Soni, breki, kimya.

Ila (na hapa msinicheke) ile ya kwenye tuta imebaki. Ndogo, sio kama mwanzo. Tk-tk.

Fundi Chini ya Mwembe

Hongera. Hiyo ndogo inakuja ukipanda tuta kwa matairi yote mawili, au ukipitisha tairi moja?

Kabichi Express

Moja. Nikipanda sawasawa haisemi.

Fundi Chini ya Mwembe

Stabilaiza. Ile fimbo inayounganisha kulia na kushoto inafanya kazi pale tu upande mmoja ukipanda na mwingine ukabaki. Shika linki zake kwa mkono utikise, gari ikiwa chini. Kama linki ziko sawa, angalia zile bushi mbili zinazoishika fimbo kwenye chesisi. Haikuui, na bei yake haitakutoa machozi.

Kabichi Express

Linki ya kulia. Nimeitikisa kwa vidole viwili tu ikaniitikia. Nabadili wiki ijayo nikipata mzigo.

Mama wa Pikapu Mbili

Kabichi mwanangu, zile shokapu za zamani ulizotoa mwanzo zilikuwa zinavuja?

Kabichi Express

Hapana mama. Zilikuwa kavu kabisa.

Mama wa Pikapu Mbili

Ziko wapi?

Kabichi Express

Zilibaki gereji kwa fundi wa kwanza. Jana nimempita njiani, Vigo yake imenyanyuka mbele vizuri sana.